Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kenya kuhusu moshi wa sigara na vifua vya wagonjwa wetu

Mheshimiwa Waziri,

KUH: SWALI LISILOULIZWA MGONJWA WA KIFUA ANAPOFIKISHWA HOSPITALINI

Nakuandikia nikiwa muuguzi mstaafu niliyehudumu kwa miaka mingi katika wodi za watoto hapa Pwani, ambako niliwapokea watoto wachanga waliopumua kwa taabu, mbavu zikiingia ndani na pua zikitanuka kila walipovuta hewa. Fomu tuliyoijaza ilituuliza joto la mwili, uzito, chanjo na siku ambazo mtoto amekohoa, lakini haikuwa na nafasi ya kuandika iwapo kuna mtu anayevuta sigara katika nyumba anamolala. Naomba swali hilo liulizwe katika kila kituo cha afya nchini, kwa mtoto na kwa mtu mzima, na jibu lake lifuatwe na msaada.

Njia zetu za hewa zimetandazwa vinyweleo vidogo mno ambavyo hupiga pamoja kama makasia, vikiusukuma kuelekea kooni ute ulionasa vumbi na vijidudu. Moshi wa tumbaku huvidhoofisha na kuvifupisha, na papo hapo huufanya ute uwe mwingi na mzito, kwa hiyo kile kilichopaswa kutolewa hubaki kifuani. Ndani zaidi ya mapafu, seli za kinga zinazomeza vijidudu nazo hupungukiwa na nguvu. Kirusi kinachomletea jirani mafua ya siku tatu kinaweza kumshukia mvutaji hadi mapafuni, na bakteria wakafuata nyuma yake kuleta nimonia.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1982 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mlipuko wa influenza, yaani mafua makali, katika kikosi kimoja cha jeshi la Israel chenye vijana 336 wenye afya njema. Miongoni mwa wavutaji, asilimia 68.5 waliugua, ilhali kwa wasiovuta walikuwa asilimia 47.2, na waliolemewa kiasi cha kulala kitandani au kukosa kazi walikuwa asilimia 50.6 ya wavutaji dhidi ya asilimia 30.1 ya wenzao. Hawa walikuwa wanajeshi vijana, si wazee waliokwisha kuchakaa mapafu kwa miaka arobaini ya kuvuta, na ndiyo sababu takwimu hizo zinanigusa kila ninapozikumbuka.

Korona ilipoingia mwaka 2020, zilisambaa habari kwamba nikotini, kemikali ya tumbaku inayomfanya mvutaji awe mraibu, humkinga mtu na ugonjwa huo, na zikawafariji wengi ambao wangeweza kuacha sigara wakati huo. Tarehe 11 Mei mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba wavutaji wako katika hatari kubwa zaidi ya kuugua vibaya kuliko wasiovuta. Sisi tuliendelea kuhimizana kunawa mikono na kuvaa barakoa, jambo lililokuwa sahihi kabisa, lakini wito wa kuacha sigara haukusikika kwa sauti ile ile.

Kwa watoto, mzigo huu huletwa na moshi wa watu wengine. Kirusi kiitwacho RSV, ambacho kimechunguzwa kwa miaka mingi huko Kilifi, huziba vijia vidogo vya hewa vya mtoto mchanga, na mtoto anayeishi katika moshi wa sigara huelekea kuugua vibaya zaidi. Dirisha lililo wazi halitoshi kumkinga katika nyumba ya chumba kimoja.

Kuhusu sigara za kielektroniki, ambazo vijana wetu huziita vape, nakiri kwamba ushahidi kutoka kwa binadamu bado ni mchache kuliko ule wa tumbaku. Hata hivyo, uliopo unatutaka tuwe na hadhari. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na wanasayansi wa Houston, Marekani, panya walivutishwa mvuke wa vifaa hivyo kwa miezi kadhaa, na hata mvuke usiokuwa na nikotini uliacha mafuta yasiyo ya kawaida katika seli za kinga za mapafu. Panya hao walipoambukizwa influenza, waliumia zaidi ya wenzao. Basi kauli ya muuzaji kwamba kifaa chake hakina nikotini isimtulize mzazi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 iliandikwa kabla ya vifaa hivi kuenea madukani, na naisihi ofisi yako isimamie jambo hili hadi mvuke udhibitiwe kwa uzito ule ule wa moshi.

Msaada ninaouomba unajulikana. Bazoka na plasta za nikotini, zinazopunguza hamu ya sigara kwa anayejaribu kuacha, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na zinapaswa kupatikana katika zahanati bila mgonjwa kusafiri hadi mji mkuu wa kaunti. Mgonjwa aliyelazwa kwa nimonia huwa tayari kusikiliza kuliko wakati mwingine wowote. Tukimruhusu aende nyumbani na antibiotiki pekee, tumempoteza.

Lipo jambo moja ambalo fomu haiwezi kulifanya. Anayemleta mtoto hospitalini kwa kawaida ni mama, na wavutaji wengi nchini ni wanaume. Swali likiulizwa kwa ukali, mama atabeba lawama ya kosa lisilo lake, na huenda akaficha ukweli ili kumsitiri mumewe. Kwa hiyo, Mheshimiwa, pamoja na kuichapisha fomu mpya, wauguzi wafundishwe namna ya kuliuliza, na baba aitwe kliniki azungumziwe yeye mwenyewe.

Wako mtiifu,

Muuguzi mstaafu,
Mombasa