Barua ya wazi kwa Maheta Molango: wachezaji weusi wasiondoke PFA, lakini wasibaki hivi hivi

Kwa Ndugu Maheta Molango,
Mtendaji Mkuu,
Chama cha Wanasoka wa Kulipwa (PFA),
Uingereza.

Yah: Hoja ya chama cha peke yao cha wachezaji weusi

Ndugu Molango,

Salamu kwako na kwa wenzako ofisini. Nakuandikia kuhusu hoja uliyoirithi kwa Gordon Taylor pamoja na kiti chake: je, ubaguzi wa rangi kwenye soka la England unatosha kuwa sababu ya wachezaji weusi kujitoa PFA na kuanzisha chama chao wenyewe? Mwaka 2012 Taylor aliikalia hoja hiyo mpaka ikanyamaza. Haikufa. Kila mchezaji anapotukanwa kwa rangi yake inaibuka upya, na safari hii anayetazamwa ni wewe.

Jibu langu nakupa mapema usije ukasoma barua nzima ukinibahatisha: wasijitoe. Ila sababu zangu si zile ambazo ofisi yako ingependa kuzisikia, na sharti ninaloliambatanisha si jepesi.

Naomba turudi kwanza kwenye Oktoba ya mwaka ule, maana vijana wengi wanaoijadili hoja hii leo walikuwa bado shule ya msingi. Jumanne ya tarehe 16, huko Kruševac, Danny Rose wa timu ya vijana ya England alizomewa kwa milio ya nyani tangu anapasha misuli moto hadi filimbi ya mwisho. Akaupiga mpira kuelekea jukwaani kwa hasira, akalimwa kadi nyekundu. UEFA baadaye iliitoza Serbia faini ya euro 80,000. Miezi michache kabla, UEFA hiyo hiyo ilikuwa imemtoza Nicklas Bendtner wa Denmark euro 100,000 kwa kuonyesha chupi yenye nembo ya kampuni ya kamari. Kwa hesabu zao, chupi ilikuwa kosa kubwa kuliko milio ya nyani kwa tofauti ya euro 20,000.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya fulana za Kick It Out, shirika linalopiga vita ubaguzi kwenye soka. Jason Roberts wa Reading alikuwa ameshatangaza kwamba haivai. Pale Old Trafford, kocha Alex Ferguson alikuwa amewahakikishia waandishi kuwa kila mchezaji wake ataivaa. Timu ikatoka kupasha kabla ya mechi na Stoke City, na Rio Ferdinand akawa bila fulana ile, mbele ya uwanja uliojaa na kamera zote. Ferguson akasema hadharani kwamba ameaibishwa na kwamba jambo hilo litashughulikiwa. Hebu fikiria: wiki nzima imeisha kwa mazungumzo ya ubaguzi, na anayetishiwa adhabu ni mchezaji mweusi aliyekataa kuvaa kitambaa.

Rio hakuwa na ugomvi na kitambaa. Mdogo wake, Anton, alikuwa amekwaruzana na John Terry pale Loftus Road tarehe 23 Oktoba 2011, na Terry akatuhumiwa kumtukana kwa rangi yake. Mahakama ya Westminster ilimwachia Terry huru Julai 2012; jopo la FA (chama cha soka cha England), ambalo lina kipimo chake cha ushahidi, likamtia hatiani Septemba, likamfungia mechi 4 na kumtoza pauni 220,000. Karibu mwaka mzima ulipita. Katikati ya mwaka huo, Januari 2012, bahasha yenye risasi ilitumwa QPR, klabu ya Anton, kwa jina lake. Miaka 30 nyuma, mwaka 1982, Cyrille Regis alipoitwa timu ya taifa ya England naye alipokea risasi kwa posta, na barua ikimwonya asikanyage Wembley. Nazitaja bahasha hizi mbili kwa sababu ukizungumza na mtu wa ofisini kuhusu ubaguzi, mara nyingi yeye huona matusi ya jukwaani. Mchezaji huona bahasha.

Ndipo Chama cha Wanasheria Weusi, kupitia mwenyekiti wake Peter Herbert, kikalitupa mezani wazo la chombo cha peke yao. Taylor akapinga, akahimiza umoja, akatoa mpango wa vipengele 6: kesi ziende haraka, adhabu ziongezwe, klabu zimsaili angalau mwombaji mmoja mweusi mwenye sifa nafasi ya ukocha inapotangazwa, matusi ya rangi yaingizwe kwenye mikataba kama utovu mkubwa wa nidhamu. Kina Ferdinand nao wakasema watafanya kazi na vyombo vilivyopo, ila lazima vibadilike. Moto ukazimika hivyo. Mwaka uliofuata FA ikapitisha adhabu ya chini ya mechi 5, na wengi wakaona mambo yamekwisha.

Hayajaisha, na kiini chake hakijawahi kuguswa. Nakiweka hapa bila kupamba: Terry na Anton Ferdinand wote walikuwa wanachama wenu. Luis Suárez, aliyefungiwa mechi 8 mwaka 2011, alimtukana kwa rangi yake mchezaji wa timu pinzani, Patrice Evra. Chama cha wafanyakazi kazi yake ni kumtetea mwanachama anapofikishwa mbele ya jopo, na ni haki yake. Hata aliyekosea anastahili mtetezi. Lakini yule aliyetukanwa naye analipa ada. Mkikaa kwa huyu mnamwacha yule, na mkikaa katikati mnawaacha wote wawili, na katikati ndipo mlipozoea kukaa.

Nina ushahidi kwamba makali mnayo, mkitaka. Eni Aluko alipomlalamikia Mark Sampson, kocha wa timu ya wanawake ya England, PFA ndiyo iliyoiandikia FA kuwa uchunguzi wa awali haukuwa na nia ya kweli ya kuutafuta ukweli. Uchunguzi ulirudiwa, ikaonekana Sampson alitoa kauli za kibaguzi kwa Aluko na kwa Drew Spence, na Oktoba 2017 FA ikaomba radhi. Kazi nzuri sana, na nawapongeza bila kinyongo. Lakini jiulize kwa nini mlikuwa wakali siku ile. Mtuhumiwa alikuwa kocha. Hakuwa mwanachama wenu.

Na hapo hapo kuna picha ya pili. Septemba 2017, pale Prenton Park, England ikicheza na Urusi huku sakata likiwa limepamba moto, Nikita Parris alifunga bao la kwanza na wachezaji wote wakakimbilia benchi kumkumbatia Sampson. Aluko aliitazama timu yake, wanachama wenzake, wakimwonyesha wako upande gani. Parris aliomba radhi baadaye, mwaka 2020, na yeye mwenyewe ni mweusi. Kwa hiyo anayedhani kwamba ukiwakusanya watu wa rangi moja chini ya paa moja mshikamano utakuja wenyewe, aitazame video ile tena.

Sasa nije kwenye sababu za kubaki. Wenzangu wengi hujibu kwa kusema umoja ni nguvu, wakaishia hapo. Mimi naangalia silaha. Novemba 2001 wanachama wa PFA walipiga kura ya kugoma kwa asilimia 99, wakidai mgawo wao wa fedha za televisheni. Ligi iliona wanamaanisha, ikakubali kulipa pauni milioni 17.5 kwa mwaka kwa miaka 3. Mwaka 1961, chini ya Jimmy Hill, tishio la mgomo ndilo lililoondoa ukomo wa mishahara. Mwaka 1963 chama kilimsimamia George Eastham mahakamani hadi mfumo wa klabu kumng'ang'ania mchezaji ukatikisika. Nguvu hiyo imejengwa tangu 1907, na ilijengwa na weusi pia: Garth Crooks alikuwa mwenyekiti wenu, na Clarke Carlisle ndiye aliyekuwa mwenyekiti katika Oktoba ile ile ninayoisimulia. Anayejitoa anaiacha silaha hiyo kwa wanaobaki.

Kuna atakayesema wachezaji weusi wangeweza kutengeneza ya kwao. Kwa Ligi Kuu, ndiyo. Ripoti ya Black Footballers Partnership ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa weusi ni asilimia 43 ya wachezaji wa Ligi Kuu. Wakikaa chini Jumamosi moja hakuna mechi. Lakini PFA si Ligi Kuu peke yake. Ina wachezaji zaidi ya 5,000, na walio wengi hawana wakala mkubwa wala akiba benki. Beki wa daraja la nne mwenye mkataba wa mwaka mmoja akigoma na wenzake wachache, klabu inamtafuta mwingine Jumatatu. Sheria ya Uingereza inamkinga mfanyakazi anayegoma baada ya kura halali ya chama chake. Anayetoka uwanjani kwa uamuzi wake mwenyewe kinga hiyo hana. Mastaa ndio wangeonekana kwenye picha za uzinduzi, na huyu beki ndiye angelipia.

Halafu mlango wa chama hicho ungewekwa wapi? Sheria ya Usawa ya 2010 inakikataza chama cha wafanyakazi kumnyima mtu uanachama kwa sababu ya rangi, kwa hiyo kisheria kingekuwa wazi kwa wote, yaani PFA ndogo mshindani wa PFA kubwa, na waajiri wangefurahi kuchagua wa kuzungumza naye. Na Son Heung-min, Mkorea, angeingia wapi? Novemba 2024 Rodrigo Bentancur alifungiwa mechi 7 na kutozwa pauni 100,000 kwa kauli aliyoitoa kuhusu Son, aliyekuwa nahodha wake, mtu aliyekuwa akivua naye jezi chumba kimoja. Tottenham, iliyokuwa klabu yao wote wawili, ikakata rufaa ikiona mechi 7 ni nyingi. Rufaa ilitupwa, lakini Son alikuwa ameshajua klabu imetumia wanasheria wake kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo nasema wabaki. Ila kubaki kama walivyo sasa, wakiitwa kupigwa picha kila Oktoba, hapana. Wilfried Zaha alishaacha kupiga goti kabla ya mechi, ishara ya kupinga ubaguzi, mwaka 2021, na timu ya wanawake ya England ikaacha mwaka 2025 baada ya Jess Carter kutukanwa mitandaoni katikati ya mashindano ya Ulaya. Wote walisema jambo moja: ishara imechoka. Agosti 2025, mechi ya kwanza kabisa ya msimu, Antoine Semenyo, wakati huo wa Bournemouth, alimwonyesha mwamuzi mtu aliyemtukana pale Anfield, mchezo ukasimama, kisha akafunga mabao mawili. Alijitetea kwa miguu yake. Chama kilimtetea kwa taarifa.

Ninachoomba ni jumuiya ya wachezaji weusi ndani ya PFA, yenye uongozi unaochaguliwa na wanachama wenyewe bila kuteuliwa na ofisi yako, na yenye fungu lake kwenye ada zao. Fungu hilo lisipitie FA wala Ligi Kuu, maana Kick It Out imesumbuliwa miaka yote na lawama kwamba inalishwa na wale wale inaotakiwa kuwakemea. Si jambo geni. Askari weusi wa London walianzisha jumuiya yao mwaka 1994 bila kutoka kwenye shirikisho la polisi. Nyinyi wenyewe mna mpango wa malezi kwa wachezaji wenye asili ya Asia. Jumuiya hiyo iwe na haki moja ambayo najua itawakera baadhi ya wajumbe wako: haki ya kuitisha kura ya mgomo ya wanachama wote, weusi kwa weupe. Ya televisheni mliipiga. Ya ubaguzi sijapata kuisikia.

Kwenye kesi, mwanachama akimtuhumu mwanachama, kila mmoja apewe mwanasheria wake kutoka nje, anayelipwa na chama lakini asiyepokea maelekezo ya chama. Gharama? Chama kilichoweza kumlipa mtangulizi wako zaidi ya pauni milioni 2 kwa mwaka mmoja hakiwezi kuniambia habari za gharama.

Na benchi la ufundi lisisahaulike. Ripoti ile ile yenye asilimia 43 uwanjani ilikuta weusi ni asilimia 4.4 tu kwenye nafasi za umeneja. Hesabu hiyo ilifanywa na watu walio nje ya chama chako, wakati wanaohesabiwa ni wanachama wako. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mchezaji ajiulize ada yake inafanya kazi gani.

Wewe si Taylor. Umecheza, umesomea sheria, na baba yako ni Mkongo. Hakuna haja ya kukueleza milio ile inavyosikika. Ndiyo maana sikupi miaka. Liweke suala la jumuiya hii kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao, lipigiwe kura na wachezaji. Likikataliwa na kura, tutajua. Likifungiwa kwenye kamati, wanaotaka kujitoa watakuwa na hoja ambayo mimi sitakuwa tena na jibu lake.

Kabla ya mkutano huo naomba jibu la maandishi kwa swali moja: katika shauri la Bentancur, PFA ilimsaidia nani, Bentancur au Son, na kwa fedha kiasi gani kila mmoja?

Wako,
Mpenzi wa soka anayeifuatilia ligi yenu kutoka mbali