Chachu hiyo usiimwage, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo, baba yako anakusalimu. Nakuandikia kwa sababu ya jambo uliloniambia kwenye simu, kwamba kila ukiilisha chachu yako ya mkate, nusu unaimwaga kwenye sinki. Limenikaa moyoni.

Kupunguza ni lazima, hilo najua. Ukiongeza unga na maji kila siku bila kutoa, chupa haitatosha, na asidi itajilimbikiza mpaka ile hamira ya asili ichoke. Lakini unachokitoa si uchafu. Ni unga wa ngano na maji, vimechachushwa na hamira pamoja na bakteria, jamaa wa wale wanaogandisha mtindi. Asidi imeshaulegeza mnato wa ngano, kwa hiyo mkate hauwezi kusimama vizuri. Chapati za maji hazihitaji kusimama. Zinataka ulaini, na ulaini huo unao tayari.

Tena wewe uko California, kwenye makao ya mkate huu wa chachu wenyewe! Isidore Boudin alifungua tanuri lake San Francisco mwaka 1849, enzi za wachimba dhahabu, na mwaka 1971 watafiti walimpa bakteria mmoja wa chachu ya huko jina la mji huo. Inasimuliwa kwamba tetemeko la 1906 lilipotokea na moto ukafuata, Louise Boudin aliiokoa chachu yao ndani ya ndoo. Naipenda sana habari hiyo. Moto unakuja, na mama wa watu anabeba chachu.

Sasa sikiliza. Chukua kikombe kimoja cha hiyo uliyoitoa, kama gramu 240. Tia yai moja, vijiko viwili vikubwa vya maziwa, kijiko kikubwa cha mafuta, kingine cha sukari, chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili, na hiliki ya kusaga. Koroga mpaka mabonge yaishe. Kikaango kiwe kimeshapata moto wa wastani, ndipo utie nusu kijiko cha chai cha magadi soda, ile ya unga laini ya kuokea, si magadi ya maharage. Hapa usiondoke jikoni. Magadi yakikutana na asidi hutoa gesi papo hapo, na uji wote unafura mbele ya macho yako. Ukichelewa gesi inatoroka, na chapati zinalala. Usizidishe magadi pia, zitakuwa na ladha ya sabuni.

Mimina upawa mdogo, usitandaze. Viputo vikitokeza juu na ukingo ukikauka, geuza.

Siku usiyo na nafasi, weka ziada kwenye chupa nyingine ndani ya friji. Ikikaa wiki inazidi ukali, nami kwa ulaji wangu hiyo ndiyo bora: acha sukari na hiliki, tia kitunguu maji, kotmiri na pilipili mbichi. Maji ya kijivujivu yakielea juu, koroga tu au yamwage. Ila ukiona ukungu, au michirizi ya waridi au ya rangi ya chungwa, hapo tupa yote bila huruma na uoshe chupa kwa maji ya moto.

Jumamosi ukizipika nipigie kwa video, nataka kuona zinavyofura.

Mama yako