Wale si dada, ni mama na binti yake

Kwa Mhariri,

Naandika hii nikiwa bado na uchungu wa Jumapili iliyopita. Nilikuwa jikoni nachemsha chai, redio iko juu ya friji kama kawaida, ni ile saa ya kantri, na mtangazaji wa stesheni moja akapiga Mama He's Crazy ya The Judds, halafu wimbo haujafika hata nusu akaingilia akasema eti hao ni dada wawili kutoka Texas, tangazo la mabati likafuata na wimbo ukaishia hapo. Jamani, The Judds ni wawili, Naomi na Wynonna, na wale si dada. Wynonna ni mtoto wa Naomi, wa kumzaa, na kwao ni Ashland, Kentucky, si Texas.

Mtu atasema hilo ni kosa dogo lakini mimi naona limeua wimbo mzima. Mle ndani msichana anamwambia mamake kwamba amepata mwanamume, na huyo mwanamume anampenda mpaka amekuwa kama kichaa. Sasa fikiria anayeimba ni binti wa miaka ishirini tu, na anayemwitikia pale kando ni huyo huyo mama anayeambiwa! Ukishasema ni dada wawili, hiyo yote imeenda.

Na ndio maana mimi huwa nasema albamu yao ya 1984, Why Not Me, ipigwe yote, isikatwekatwe. Ni nyimbo kumi tu. Kabla ya hapo walikuwa wametoa santuri fupi ya nyimbo sita, kwa hivyo hii ndiyo albamu yao kamili ya kwanza, na wimbo wa Mama He's Crazy, uliokuwa kwenye hiyo santuri fupi, waliurudisha humo ukawa wa mwisho kabisa. Wimbo wenye jina la albamu ukashika namba moja kwa chati za kantri Marekani, Girls Night Out pia, Love Is Alive pia, na Grammy mbili zikaja, moja ya huo Mama He's Crazy na nyingine ya Why Not Me. Lakini mimi siipendi kwa sababu ya hizo zawadi. Naipenda kwa sababu prodyuza wao Brent Maher hakuwafunika na vyombo vingi, unasikia gita la Don Potter karibu karibu hivi, kama mtu amekaa na wewe kwa benchi, halafu sauti ya binti inaingia nzito kuliko umri wake, na mama anakuja nyuma yake taratibu, hasukumi, hashindani. Kwa kwaya zetu tumezoea mkubwa ndiye anatoa wimbo na watoto wanaitikia. Hapa mama amemwachia mtoto sauti ya kwanza, yeye akachukua ya pili, na hivyo ndivyo walivyoimba miaka yote. Sikiliza My Baby's Gone ukiwa peke yako usiku utanielewa.

Mamangu alikuwa nesi miaka thelathini na mbili na kaseti ya albamu hii tuliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa yake. Ilikuwa ya kunakiliwa kutoka kwa kaseti ya rafiki yake wa wodini, imeandikwa JUDDS kwa biro nyekundu, upande B ni Jim Reeves, na aliyeirekodi alichelewa kubonyeza, kwa hivyo wimbo wa kwanza ulikuwa unaanzia katikati ya neno. Mimi nilikua nikijua hivyo ndivyo unaanza. Nilipousikia kutoka mwanzo nikiwa mtu mzima nilisimama tu pale dukani mpaka ukaisha.

Mama alikuwa anatuambia huyu Naomi ni nesi kama mimi, na ni kweli. Huyo Maher mwenyewe walijuana kwa sababu binti yake alipata ajali ya gari na Naomi ndiye alikuwa anamhudumia hospitalini kule Tennessee, baadaye akampa kaseti waliyojirekodi nyumbani yeye na Wynonna, na mambo yakaanzia hapo. Na hiyo kazi ya unesi ndiyo pia ilimrudisha nyuma, maana alipatikana na homa ya ini aina ya C na yeye aliamini aliipata kwa kudungwa na sindano akiwa kazini, ikabidi aache ziara 1991 wakati wamefika juu kabisa. Mamangu akisikia habari hiyo huwa anaangalia vidole vyake. Amewahi kudungwa mara mbili, anakumbuka hadi kitanda kilikuwa namba ngapi.

Naomi alifariki tarehe 30 Aprili 2022, siku moja tu kabla ya yeye na Wynonna kuingizwa kwenye Country Music Hall of Fame, yaani jumba la heshima la wanamuziki wa kantri, na mabinti zake wakasema wazi kuwa ugonjwa wa akili ndio uliowachukulia mama. Kesho yake walienda kwa hiyo sherehe bila yeye. Mtu aliyepitia hayo yote si wa kutajwa ovyo hewani katikati ya matangazo.

Kwa hivyo, Mhariri, naomba huyo mtangazaji, najua wao husoma gazeti hili, arekebishe aliyosema, na Jumapili moja tu aweke Why Not Me aiache iende kutoka wimbo wa kwanza hadi wa kumi bila kuongea juu yake. Tangazo liende katikati, pale upande A wa santuri unaisha, baada ya My Baby's Gone. Na atuambie mapema ni Jumapili gani, kwa sababu mamangu siku hizi husikia vizuri kwa sikio moja tu na anapenda kuketishwa karibu na redio kabla kipindi hakijaanza.

Msomaji wenu,
Nakuru