Shukrani kwa dada wa maabara ya maji

Natoa shukrani za dhati kwa yule dada, mtaalamu wa maabara ya maji ya serikali, aliyekuja kupima kisima chetu huku Arumeru. Maji ni maangavu, matamu, hayana harufu, nani angeyashuku? Alisuuza chupa ya plastiki kwa maji yaleyale ya kisima ndipo akaijaza, akaandika saa na mahali.

Majibu yalipotoka alirudi mwenyewe, akaketi na akina mama, akaeleza bila haraka. Floridi, madini yaliyoyeyuka majini, imezidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Ndiyo inayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia, na ikizidi sana hupinda hata miguu. Akatuonyesha chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, akasisitiza tuanze na wadogo, maana meno huharibika yangali yanaumbika ndani ya fizi.

Dada, Mungu akuzidishie. Wajukuu zangu sasa wanakunywa ya chujio, ya kisima tunafulia.