Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa hapa Oklahoma, wazee wetu, akina mama na vijana: Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za jioni.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulichangia misiba miwili na harusi moja, futari ilifana, na darasa la Kiswahili la watoto liliendelea kila Jumamosi mpaka mwalimu alipohamia Texas.

Sasa suala la tiketi, maana najua ndilo lililowaleta wengi leo.

Ni kweli dola 640 zilitoka kwenye fungu la nyama choma ya Ziwa Thunderbird zikanunua tiketi 18 na chakula, tukaenda mji wa Norman kuwaangalia mabinti wa Chuo Kikuu cha Oklahoma wakicheza softiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, ndugu yake besiboli. Kamati ilipitisha. Tulikuwa wanne kati ya tisa, nakiri, lakini akidi ya kamati hii haijatimia tangu mwaka juzi. Tungeisubiri, hata futari isingepikwa.

Imesemwa ukumbini na kwenye simu kwamba ule mchezo ni rede tu ya Wazungu. Aliyesema hayo hakuja. Uwanja wa Love's Field ndio kwanza ulikuwa umefunguliwa wikiendi hiyo ya Machi, viti 4,200, umegharimu kama dola milioni 48, na milioni 12 kati ya hizo zimetolewa na kampuni ya Love's, hawa hawa wenye vituo vya mafuta tunakojazia magari kila siku. Kocha Patty Gasso alipofika mwaka 1995, timu yake ilikuwa ikichezea Reaves Park, bustani ya umma, na kabla ya mechi ilibidi kwanza waokote makopo ya bia. Leo wana uwanja wao, wa wanawake peke yao. Nilitaka mabinti zetu waone jambo hilo kwa macho. Tiketi zenyewe zilikuwa za kugombania; niliamka alfajiri, sikusaidiwa na mtu.

Inasemekana pia nilifanya hivyo kwa sababu binti yangu anacheza softiboli shuleni. Anacheza, ndiyo. Tiketi yake nililipa mfukoni mwangu.

Halafu kuna hili la nuksi. Siku tuliyokwenda, Jumapili tarehe 3, timu ilikuwa imeshinda mechi 71 mfululizo, zaidi ya mwaka mzima haijafungwa. Timu ya chuo cha Louisiana ikawafunga 7 kwa 5, raundi ya nane, mbele yetu. Tangu hapo naitwa Mwenyekiti Nuksi. Ndugu zangu, Juni timu hiyo hiyo iliwafunga Chuo Kikuu cha Texas mara mbili pale Oklahoma City ikachukua ubingwa wa vyuo vya Marekani wa nne mfululizo, jambo ambalo hakuna chuo kilichowahi kulifanya. Mbona hapo sikutajwa?

Kilichoniuma ni kingine. Tiketi 18, tuliofika 11. Viti saba vya chama vilikaa vitupu uwanja mzima umefurika, na mtu wa nyuma yetu akauliza kama vinauzwa. Mmoja wa wale saba ndiye aliyeandika barua ya malalamiko.

Mahudhurio ya mikutano ni hivyo hivyo. Tuko 86 daftarini. Walioketi humu leo nimewahesabu wakati wa sala, ni 23, na watatu ni watoto. Ada ni dola 60 kwa mwaka. Waliolipa ni 31. Ukitoa misiba, ukumbi na tiketi zilizokwisha semwa, benki tuna dola 412. Na simu za usiku wa msiba nazipokea mimi, za waliolipa na wasiolipa.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kupata mwalimu mpya, kuirudisha nyama choma ziwani, na pengine kuanzisha timu ndogo ya wasichana, tukipata glovu na mtu wa kuwafundisha.

Risiti zote ziko kwa Mama Mweka Hazina. Anayetaka kuzikagua anakaribishwa, aje na ada yake.