Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara

Yah: UNGA WA MWANI UNAOUZWA KAMA DAWA YA MZIO

Ndugu Mganga Mkuu,

Unga wa mwani siku hizi unanadiwa kwa maneno matamu: kijiko asubuhi, kijiko jioni, mafua ya vumbi na muwasho kwisha. Maneno hayo yana mzizi, ila si kwenye mwani wetu. Jaribio la Uturuki lililochapishwa 2008 liliwapa wenye mafua ya mzio spirulina, gramu 2 kwa siku kwa miezi 6. Chafya, kuziba pua na muwasho vilipungua kuliko kwa waliopewa vidonge bandia visivyo na dawa. Spirulina ni kijimea cha maji ya magadi, chakula cha heroe wa Ziwa Natron. Kotonii na spinosamu, aina za mwani tunazofunga kwenye kamba za kulimia, ni viumbe vingine kabisa.

Kinachotutia hofu zaidi ni uduvi, yaani kamba wadogo wa baharini. Mwani huvunwa na vikamba na vikaa vidogo vimejishika kwenye matawi. Ukifika pwani huanikwa kwenye jamvi lililoanikiwa uduvi jana, kisha husagwa kwenye mashine ileile. Mwenye mzio wa kamba hudhuriwa na protini iitwayo tropomayosini, nayo haivunjiki kwa moto. Uji wa mwani uchemke saa nzima, bado huweza kumvimbisha midomo na kumbana kifua. (Wanaosingizia madinijoto wamekosea: mzio wa kamba hautokani nayo.)

Dawa ya kweli ni usafi. Suuza kwa maji ya bahari, kisha loweka kwenye beseni jeupe la maji baridi na utikise. Weupe ndio unaoonyesha vikamba vilivyotuama. Rudia hadi maji yabaki matupu. Anika juu ya chanja, mbali na dagaa na uduvi. Hata hivyo, hakuna usafishaji unaomhakikishia mwenye mzio mkali usalama.

Tunaomba maofisa afya wadai kila pakiti iandikwe: "Huenda una mabaki ya kamba na kaa." Anayeandika "dawa ya mzio" atakiwe usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa; kama ni chakula, wa TBS, shirika la viwango. Na kila zahanati ya pwani iwe na adrenalini, sindano ya mzio mkali: mtu mzima miligramu 0.5, msuli wa paja upande wa nje, mara pumzi inapoanza kubana. Sindano ya kuzuia muwasho peke yake haitoshi hapo.

Wasindikaji wa mwani na wahudumu wa afya,
Mikindani