Barua kwa Rehema: Mapazia Bila Kutoboa Ukuta

Mpendwa Rehema,

Pokea salamu zangu nyingi za upendo. Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha ya kusikia kwamba hatimaye umepata nyumba yenye mwanga wa kutosha, na mara ya pili kwa makini, kwa sababu ya ile aya uliyoeleza kuwa mkataba wako wa upangaji unakataza kutoboa ukuta, kupigilia misumari na kubandika chochote kitakachoacha alama, na kwamba tangu uhamie unalala na shuka lililobanwa dirishani kwa vibanio vya nguo. Umeniuliza ununue fimbo ya aina gani ya kutundikia mapazia. Nakuomba, ndugu yangu, usinunue kitu chochote kwanza, uusome ukuta wako kabla ya kuifikiria fimbo.

Nasema hivyo kwa sababu ya yaliyonikuta mwenyewe. Nyumba ya pili niliyopanga ilikuwa imepakwa rangi siku chache tu kabla sijaingia, na nilikuwa na mapazia mazito yenye bitana ambayo niliyapenda mno. Nilibandika ndoano nne za gundi, kila moja ikiwa imeandikwa kwenye pakiti yake kwamba inabeba kilo moja na zaidi, nikapiga hesabu nikaona uzito unatosha, nikatundika. Usiku wa tatu niliamshwa na kishindo. Nilipowasha taa nilizikuta ndoano zote nne sakafuni, na nyuma ya kila moja kulikuwa na ganda la rangi lenye upana wa kiganja, limeshikamana na gundi barabara. Gundi haikuwa imeachia. Rangi ndiyo iliyouachia ukuta. Siku ya kuhama, mwenye nyumba alikata kwenye dhamana yangu gharama ya kupaka upya ukuta mzima, maana sehemu iliyopakwa rangi mpya peke yake huonekana kama kiraka, nami sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo chagua mahali pa siri, kwa mfano pale ambapo kabati litasimama, upitishe kiganja kikavu juu ya rangi kwa nguvu kidogo, kisha ukitazame. Kikiwa na vumbi jeupe, ukuta umepakwa chokaa au rangi hafifu, na gundi yoyote utakayoweka itashika vumbi badala ya kushika ukuta. Kikitoka safi, bandika kipande cha selotepu chenye urefu wa kidole, kisugue kwa ukucha, kiache hadi kesho yake, halafu ukivute taratibu. Kikitoka na rangi, hata kama ni punje chache, achana kabisa na gundi kwenye kuta za nyumba hiyo. Muulize pia mwenye nyumba rangi ilipakwa lini, kwa kuwa rangi inayoonekana kavu kwa kugusa huendelea kukomaa ndani kwa siku nyingi, na watengenezaji wa ndoano hizi kwa kawaida hutaka ungoje angalau siku 7 baada ya kupaka. Ukuta wenye lipu ya kukwaruza na ukuta wenye karatasi ya mapambo usiujaribu kabisa. Vigae, kioo, chuma kilichopakwa rangi na mbao zilizopigwa vanishi ndivyo vinavyoipokea gundi vizuri.

Lipo jambo jingine ambalo pakiti halisemi waziwazi, nalo ni upande ambao mzigo unavutia. Gundi ina nguvu nyingi inapovutwa kwenda chini sambamba na ukuta, na ina nguvu ndogo sana inapobanduliwa kuanzia ukingoni, kama mtu anavyobandua stempu kwenye bahasha. Ndoano bapa inayoishika fimbo nyembamba karibu kabisa na ukuta huvutwa chini tu. Ile yenye mkono unaotokeza sentimita nane au kumi inakuwa wenzo, na mzigo uleule hufanya kazi ya kuubandua ukingo wake wa juu usiku na mchana. Ndoano zangu zilikuwa za aina hiyo, na sikulijua hilo hadi zilipokwisha kuanguka.

Uzito wenyewe ni rahisi kuukadiria. Chukua dirisha lenye upana wa sentimita 120. Ili pazia likunjamane vizuri, kitambaa kinatakiwa kiwe na upana wa karibu mara mbili, yaani sentimita 240, na kama urefu ni sentimita 150, unapata mita za mraba 3.6. Pamba nyepesi yenye gramu 150 kwa kila mita ya mraba itakupa gramu 540, ambazo ni mzigo mdogo. Kitambaa kizito chenye gramu 400 kwa mita ya mraba kinafika kilo 1.44 kabla hujaongeza bitana na fimbo yenyewe. Tena hesabu hiyo ni ya pazia lililotulia, ilhali mkono wa mtu mwenye haraka anayefungua pazia asubuhi huongeza mvuto ambao mizani haiuoni. Zoea kulishika pazia juu karibu na fimbo unapolifungua, usilivute kwa upindo wa chini.

Sasa nije kwenye madirisha yako. La chumbani umesema limeingia ndani ya ukuta, lina kuta mbili fupi za pembeni na kizingiti kipana cha kuwekea vitabu. Dirisha la namna hiyo linafaa sana kwa fimbo ya kubana, ile yenye mabomba mawili yanayoingiana, springi ndani na vifuniko vya mpira kwenye ncha zote mbili. Inajishikilia kwa kuzisukuma kuta hizo mbili, haihitaji tundu wala gundi. Pima upana pale juu fimbo itakapokaa, usipime kwenye kizingiti ukadhani ni sawa, kwa sababu kuta za dirisha ni nadra kunyooka kabisa na tofauti ya sentimita moja kati ya juu na chini ni jambo la kawaida. Nunua fimbo ambayo kipimo chako kinaangukia katikati ya urefu wake. Iliyovutwa hadi mwisho huwa dhaifu pale mabomba yanapokutana, na baada ya wiki chache huanza kubonyea katikati.

Unapoiweka, ivute au izungushe mpaka izidi upana wa dirisha kwa takriban sentimita mbili, kisha uibane kwa mikono na kuiachia ndani taratibu. Hakikisha ncha zote mbili ziko kwenye kimo kimoja. Pima kutoka sehemu ya juu ya dirisha, weka alama nyepesi ya penseli kila upande, na ukiweza kuazima pima maji ya fundi uilaze juu ya fimbo, utakuwa na hakika. Fimbo ikikaa mshazari, mpira hugusa ukuta kwa ukingo mmoja tu na huanza kuteleza bila wewe kujua. Ila usizidishe nguvu ukidhani ndiyo usalama, kwani lipu ya kona za madirisha ni nyembamba na niliwahi kuisikia ikipasuka chini ya mpira wa fimbo niliyoibana kupita kiasi, sauti ndogo kama ganda la yai. Mpira mweusi nao, ukikandamizwa miezi mingi juu ya rangi nyeupe, huacha duara la kijivu lisilofutika kwa urahisi. Mimi hukata vipande viwili vya ngozi laini, vikubwa kidogo kuliko vifuniko, nikaviweka kati ya mpira na ukuta. Siku mbili au tatu baadaye ikaze tena kidogo, kwa kuwa mpira ukisha kujilaza hupoteza sehemu ya mkazo wake. Fimbo hiyo uitundikie pamba au neti tu. Ukitaka giza kamili la kulala, shona matabaka mawili ya pamba ya rangi nzito badala ya kununua mahameli.

Dirisha la sebuleni ndilo lililonifikirisha zaidi, kwa kuwa ni pana na fimbo ya kubana haitalimudu. Umetaja kwamba lina fremu ya chuma na grili upande wa ndani. Jaribu kwanza kwa kisumaku kidogo. Kikinata, fremu ni ya chuma cha kawaida. Kisiponata, huenda ni alumini, na hapo fimbo za sumaku hazina kazi. Hata zikinata, ningezitumia kwa neti pekee, kwani tabaka nene la rangi au kutu huitenga sumaku na chuma na kuipunguzia nguvu.

Grili ndiyo mhimili wako. Imezamishwa ndani ya ukuta tangu nyumba ilipojengwa, inabeba mzigo ambao ndoano ya gundi haiwezi kuukaribia, na huhitaji kugusa rangi ya ukuta hata kidogo. Tafuta ndoano imara za chuma zenye umbo la herufi S, uvishe kila moja kipande cha mpira au kitambaa mahali itakapokutana na grili ili isikwaruze rangi ya chuma na kukaribisha kutu, uzitundike kwenye nondo ya mlalo iliyo juu kabisa, kisha ulaze bomba la pazia ndani ya mikunjo yake ya chini. Kwa dirisha la upana huo weka ndoano tatu au nne, na moja kati ya hizo iwe katikati ili bomba lisibonyee. Zikaze kwa kamba nyembamba zisitembee unapofungua pazia. Hapo ndipo mapazia yako mazito yenye bitana yanapofaa kukaa. Lakini tafadhali angalia kama grili ina sehemu inayofunguka kwa bawaba kwa ajili ya kutokea wakati wa moto. Kama ipo, usiifunge kwa kamba wala usilaze bomba juu ya sehemu hiyo, na panga pazia liweze kusukumwa pembeni kwa mkono mmoja. Hilo silichukulii kama jambo dogo.

La jikoni halitakusumbua. Umesema pembeni mwake kuna vigae, basi ndoano mbili bapa za gundi na fimbo nyembamba zitabeba pazia fupi la kufunika nusu ya chini ya kioo. Futa vigae kwa spiriti, si kwa sabuni, maana sabuni huacha utando. Vikikauka, bandika na ukandamize kwa sekunde 30, kisha ungoje muda ulioandikwa kwenye pakiti kabla ya kutundika, mara nyingi ni saa moja au zaidi. Kama jiko lipo chini ya dirisha hilo, usiweke pazia kabisa.

Siku ya kuondoa ndoano za namna hiyo, watu wengi huzing'oa kwa kuzivuta kuja kwao, na ndipo uharibifu unapotokea. Kama ina ulimi wa kuvuta, ushike na uuvute kwenda chini sambamba na ukuta, polepole, huku umeizuia ndoano kwa mkono wa pili bila kuikandamiza. Gundi itarefuka kama mpira na kuachia yenyewe. Isiyo na ulimi ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ilainike, kisha upitishe uzi imara nyuma yake ukiukereza kama msumeno. Mabaki yatoke kwa kidole na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Mafuta ya kupikia huondoa gundi vizuri kwenye vigae, lakini ukutani yatakuachia doa baya kuliko hilo uliloanza nalo.

Kabla ya yote hayo piga picha za kila dirisha na kuta zake, hasa palipo na matundu ya wapangaji waliotangulia, umpelekee mwenye nyumba siku hiyohiyo pamoja na maelezo mafupi. Ukiona tundu la zamani lenye plastiki ya skrubu ndani yake, mwombe ruhusa ya maandishi ya kulitumia. Nimewahi kukubaliwa mara moja, kwa sababu nilikuwa sijaongeza tundu jipya na nilieleza wazi nitakachotundika.

Kitambaa ukinunue baada ya vipimo, na kama ni pamba kifue na kukikausha kabla ya kukikata, kwani pamba hurudi na pazia lililofika kizingitini linaweza kubaki likining'inia juu yake baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Nitumie, tafadhali, upana wa dirisha la chumbani sehemu ya juu, ya katikati na ya chini, urefu kutoka pale fimbo itakapokaa hadi kizingitini, na umbali kutoka nondo ya juu ya grili ya sebuleni hadi sakafuni. Cherehani yangu imetoka kwa fundi wiki hii na inashona vizuri, kwa hiyo mapazia ya chumbani niachie mimi. Niambie pia unataka rangi gani, ili shuka lako lirudi kitandani.

Wako akupendaye,
Mwanaidi